Warsha ya Bahari Iliyosahau Kuutazama Mwezi

Alhamisi ya tarehe 24 Agosti 2023, yapata saa nne za asubuhi, nilikuwa miongoni mwa watu thelathini na kitu tuliosimama ufuoni katika pwani ya kusini ya Mombasa, suruali tumezikunja na leso zimefungwa hadi magotini, madaftari mikononi, tukiutazama mwamba ambao haukuonekana. Wengi wetu walikuwa walimu wa shule za msingi na za upili. Waliosalia walikuwa vijana wanasayansi wa bahari waliohitimu hivi karibuni, pamoja nami, mwanaisimu niliyealikwa kuzungumza kwa muda wa saa moja kuhusu istilahi. Ratiba ilikuwa imechapishwa vizuri kwenye karatasi ya rangi: "Saa nne hadi saa sita, ziara ya mwambani." Tungetembea kwa miguu juu ya mwamba, tuyaone matumbawe, majongoo ya pwani, kaa na vidimbwi vyenye samaki wadogo. Badala yake tuliona maji, yaliyoenea kutoka miguuni petu hadi kule mbali ambako mawimbi ya kusi yalikuwa yakivunjika.

Mzee mmoja, mvuvi ambaye mashua yake ilikuwa imekodiwa iwapo ingehitajika, alitutazama kwa huruma. Binti mmoja katika wale wanasayansi akamwamkua, "Shikamoo babu." Mzee akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akauliza: "Siku hii mlipewa na nani? Leo mwezi saba. Maji mafu haya, na saa hizi yamejaa. Mwamba hautoki."

Hakuna aliyemjibu. Siku ile ilikuwa imechaguliwa na watu wa fedha, waliotazama ni wiki gani vyumba vya hoteli vilikuwa rahisi na ni lini walimu walikuwa likizoni. Laiti tungekutana wiki moja mapema tu, Ijumaa ya tarehe 18, mwezi ukiwa ndio kwanza umeandama, mwamba ungekuwa umeanikwa juani saa ile ile ya nne, nasi tungeutembea hadi ukingoni. Wiki hiyo nayo ilikuwa ya likizo.

Sina nia ya kumkejeli aliyeiandaa warsha ile, kwa maana alijitahidi, na mihadhara mingi ilikuwa mizuri. Lakini nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu siku hiyo, na kila nikilifikiria naona kwamba kosa la tarehe si kosa la kalenda tu. Tulikuwa tumekusanyika kujifunza sayansi ya bahari huku elimu ya kwanza ya bahari, ile ambayo mtoto wa mvuvi huipata kabla hajajua kusoma, tukiwa tumeiacha mlangoni.

Siku moja kabla ya hapo, ukumbini, tulifundishwa habari za kupwa na kujaa kwa maji. Mwezeshaji alieleza kwa Kiingereza, na kwa kweli alieleza vyema. Alichora jua, mwezi na dunia. Akaonyesha jinsi mwezi unavyoyavuta maji, na jinsi jua nalo, ijapokuwa liko mbali mno, linavyosaidia au kupunguza mvuto huo. Mwezi ukiandama, na pia ukiwa mpevu, jua na mwezi huwa katika mstari mmoja na dunia, nguvu zao zikajumlika. Siku moja au mbili baadaye maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, mvuto wa jua hukingama na ule wa mwezi, na maji hayapandi sana wala hayashuki sana.

Mwalimu aliyeketi kando yangu, mama aliyezaliwa na kukulia pwani hii, alikuwa akiandika kwa bidii. Nilipolichungulia daftari lake, na naomba radhi kwa tabia hiyo, nikaona ameandika: "mawimbi ya majira ya kuchipua." Neno la Kiingereza linalotumika kwa maji hayo makubwa lina sura moja na jina la majira yanayofuata baridi kali kule Ulaya, naye alikuwa amelitafsiri kwa uaminifu wote. Nilimnong'oneza, "Mwalimu, hiyo si bamvua?" Akaiweka kalamu chini. "Kumbe ni bamvua!" alisema, kwa sauti iliyowafanya walio mbele wageuke. "Si angesema!"

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mama huyu hakuwa mjinga wa kupwa na kujaa kwa maji. Alijua tangu utotoni kwamba siku za bamvua wanawake hushuka mwambani na vijiti vyao kutafuta pweza, na kwamba siku za maji mafu hakuna haja ya kujisumbua. Alijua hata saa. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku, na kujaa karibu na saa kumi. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, hata siku za maji mafu zikifika mambo huwa yamegeuka, saa nne ndiyo saa ya kujaa. Yote haya aliyajua. Asichokijua ni sababu yake, na sababu hiyo alikuwa akiisikia wakati ule ule ukumbini. Kilichokosekana ni daraja kati ya ujuzi alionao na maarifa mapya, na daraja lenyewe ni neno moja lenye silabi tatu.

Mwalimu asiyelivuka daraja hilo atarudi darasani na nini? Atarudi na mchoro wa jua na mwezi, atauchora ubaoni, watoto wataunakili, na mtihani ukija watauandika. Jioni watarudi nyumbani ambako baba anasema bamvua, nao hawatajua kwamba baba na kitabu wanazungumzia kitu kimoja.

Lugha yenyewe inajua zaidi ya sisi wasomi wake. Neno pwani limetokana na kitenzi kupwa: ni mahali ambapo maji hupwa. Watu waliolitunga neno hili hawakuitazama bahari kama picha ya kalenda. Waliupa ufuo jina kutokana na kazi ambayo bahari huifanya mara mbili kila siku. Kwa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa pale Mombasa hupita mita 3, ilhali kwa maji mafu hupungua hata kukaribia mita 1. Ukiongeza kusi, kaskazi, matlai, umande na tanga mbili, halafu ile hesabu ya mabaharia ya kuugawa mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, unapata mtaala mzima, uliotungwa na watu ambao makosa ya hesabu yaliwagharimu vyombo na roho.

Na roho bado zinaweza kugharimika. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lililotokea karibu na Sumatra lilirusha mawimbi ya tsunami yaliyoivuka Bahari Hindi nzima na kutufikia mchana wa siku ile ile. Somalia walikufa watu wapatao 300. Kwetu Kenya alikufa mtu mmoja, kwa sababu habari ziliwahi na wenye mamlaka wakawaondoa watu ufuoni. Sasa tazama: siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu, yaani zilikuwa siku za bamvua ambapo maji hupwa mbali hata pasipo tsunami. Mgeni akiona bahari imerudi nyuma siku kama hiyo hatashtuka. Lakini anayejua kwamba maji hupwa saa nne angetambua kwamba bahari inayorudi nyuma mchana, wakati maji yanapopaswa kuwa yanajaa, imetoka katika desturi yake, na angekimbilia mlimani. Mtoto wa Gredi ya Tano anaweza kufundishwa haya kwa kipindi kimoja, alimradi mwalimu wake amefundishwa.

Nisije nikaeleweka vibaya. Wapo wenzangu, hasa sisi tunaoipenda lugha hii kupita kiasi, wanaodhani kwamba wavuvi wanajua kila kitu na kwamba mwanasayansi kazi yake ni kunukuu. La hasha! Chukua mfano wa matumbawe. Katika Kiswahili tumbawe ni jiwe. Lilikatwa, likachongwa, likajengewa nyumba na misikiti toka Lamu hadi Kilwa, na likachomwa kutengeneza chokaa. Hata ngeli tuliyolitia ni ile ya jiwe na jicho. Lugha yetu haimwambii mtoto kwamba kile anachokikanyaga mwambani ni kundi la wanyama wadogo wanaojijengea nyumba ya chokaa, na kwamba ndani ya miili yao mnaishi viumbe wadogo zaidi wanaowatengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mwaka 1998, maji ya Bahari Hindi yalipopata joto kupita kiasi, wanyama hao waliwatoa wapangaji wao, wakapauka, na wengi wao wakafa katika pwani ya Kenya. Mvuvi aliyaona mawe yamegeuka meupe. Jiwe halifi, kwa hiyo hakuwa na kitenzi cha kulieleza tukio hilo. Hapa mwalimu anamhitaji mwanasayansi, na hakuna methali itakayoziba pengo hilo. (Mwalimu wa Kiswahili akitaka mjadala mkali darasani, na awaulize wanafunzi kama tuseme tumbawe limekufa au amekufa. Mimi mwenyewe sina hakika.)

Au chukua mwani. Kwa Kiswahili cha kawaida kila kitu cha kijani kinachoota chini ya bahari huelekea kuitwa mwani. Mwanasayansi huutofautisha mwani, usio na mizizi ya kweli wala maua, na nyasi za bahari, ambazo ni mimea yenye mizizi, majani na maua na ambazo hulisha kasa na nguva. Kina mama wa Kibuyuni kule Kwale wanaolima mwani kwa ajili ya soko wanaijua tofauti hiyo kwa vidole vyao. Wanafunzi wao wa chuo kikuu mara nyingi hawaijui. Kwa upande mwingine, msituni mwa mikoko lugha yetu haina mpinzani: mkoko, mchu, mlilana, muia, mkandaa, kikandaa, mkomafi, msikundazi, kila mti na jina lake, na miti iliyokatwa nayo ina majina kwa unene wake, fito, pau, boriti, nguzo. Kijana anayekwenda Gazi kupima kaboni iliyohifadhiwa na mikoko ya mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya kaboni katika muongo wa 2010, atapata urahisi mkubwa akiyajua majina hayo kabla ya kuyajua ya Kilatini.

Hili linanileta kwa hao vijana wanasayansi. Tukizungumza juu ya mafunzo ya kazini aghalabu tunamfikiria mwalimu pekee, kana kwamba mwenye shahada ya uzamili amekwisha kuiva. Binti yule aliyemwamkua mzee alikuwa amesomea bahari miaka sita. Baada ya ziara yetu kuvunjika alijaribu kuitumia nafasi ile kumhoji mzee. Alitaka kujua kiasi cha samaki kinachovuliwa kwa kulinganisha na juhudi inayotumika, swali muhimu kabisa katika taaluma yake, akaliuliza hivi: "Babu, kipimo chako cha samaki kwa kila juhudi ni kipi?" Mzee akafikiri, akasema kwamba juhudi anayo, alhamdulillahi, ila magoti ndiyo yanayomsumbua.

Tulicheka, naye binti akacheka pamoja nasi, lakini baadaye alinijia akiwa na uso uliobadilika. Aliniambia kwamba utafiti wake wote wa shahada ulitokana na mahojiano kama yale. Nilimwonea imani. Kosa halikuwa lake, hakuna kozi aliyopitia iliyomfundisha kuuliza: "Babu, ukitoka alfajiri na mtego wako ukarudi adhuhuri, siku hizi wapata ratili ngapi? Na zamani, ulipokuwa kijana, ulikuwa ukipata ngapi?" Wala hakuna aliyemwambia kwamba samaki anayeitwa tafi kwetu huitwa tasi ukivuka mpaka kwenda Tanzania, asije akamhesabu mara mbili.

Tusiseme kwamba hatuna vyombo vya mafunzo. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Samaki, KMFRI, ipo Mombasa tangu 1979, na humo mna mojawapo ya vituo vya kikanda vya mafunzo vya OceanTeacher Global Academy, mpango wa tume ya bahari ya UNESCO. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina taasisi yake ya sayansi za bahari Zanzibar, iliyoanzishwa 1978. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari Hindi, iliasisiwa 1993, makao yake yakiwa Zanzibar, na imewasaidia vijana wengi kufanya utafiti na kuhudhuria makongamano. Umoja wa Mataifa umeitangaza miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa Muongo wa Sayansi ya Bahari, na vijana wanaoanza kazi wamepewa nafasi maalumu ndani yake. Marekani, ambako mwaka 2005 walimu na wanasayansi walikubaliana juu ya kanuni saba ambazo kila mwananchi anapaswa kuzijua kuhusu bahari, kulikuwako tangu 1990 na mpango wa kuwapandisha walimu kwenye meli za utafiti wakafanye kazi bega kwa bega na wataalamu. Mamia wamesafiri kwa njia hiyo. Sisi tuna meli ya Mtafiti, tuliyoipokea kutoka Ubelgiji, ambako iliitwa Zeeleeuw. Ningependa kumwona mwalimu wa Msambweni au wa Faza akiwa ndani yake, akiteremsha chombo cha kupimia joto na chumvi ya maji, hata kwa siku tatu tu.

Tatizo ni kwamba vyombo hivi vimemwandalia mwanasayansi meza, na mwalimu ameachiwa makombo. Mpango wa kuwafunza tena walimu wa hisabati na sayansi, SMASSE, ulioanza 1998 kwa ushirikiano na Japani na kuenea nchi nzima kuanzia 2003, ulituonyesha kwamba mwalimu akishikwa mkono na kufundishwa kutumia vifaa anavyovipata karibu naye, darasa hubadilika. Jambo la kujifunza pale ni kwamba mafunzo yalirudiwa, na wakufunzi walikuwa walimu wenyewe. Warsha ya siku tano yenye cheti na chai ya saa nne haiwezi kufanya kazi hiyo. Isitoshe, mwaka 2021 Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) ilipozindua mpango wa mafunzo endelevu, vyama vya walimu vililalamika kwamba mzigo wa ada unatupwa mabegani mwa mwalimu. Sioni ni vipi mwalimu wa kisiwani Pate ajilipie elimu ambayo faida yake ni ya taifa zima, wakati nauli ya mashua tu ni mzigo kwake.

Ningelipewa nafasi ya kuipanga warsha ile upya, ningeianza kwa kumwita mzee yule siku ya kwanza, na kumlipa kama anavyolipwa mhadhiri. Tarehe ningempa yeye aichague. Kila mwalimu ningemwoanisha na kijana mmoja mwanasayansi kwa mwaka mzima: mwalimu amfundishe kijana kuuliza maswali kwa lugha ya watu, kijana amfundishe mwalimu kupima na kuandika. Lugha ya ukumbini iwe Kiswahili, na pale penye istilahi ngumu tusione haya kukubali kwamba hatuna neno. Ile tabaka ya chini ya bahari ambapo joto la maji hushuka ghafla, kwa mfano, mvuvi wetu hajawahi kuhitaji kuipa jina, na tutalazimika kulibuni. Najua Kiingereza ndicho kinachofundishia kuanzia Gredi ya Nne na ndicho cha mtihani. Sikitupi. Lakini mwalimu anayeujua ukweli kwa lugha mbili atamtafsiria mwanafunzi. Anayeujua kwa lugha moja isiyo yake atamsomea tu.

Yule mama wa bamvua hakuingoja warsha nyingine. Mapema mwaka uliofuata aliniandikia kunieleza kwamba yeye na wanafunzi wake walikuwa wamesimika nguzo ya mkandaa kwenye hori lililo nyuma ya shule, wameipaka rangi nyeupe na nyekundu kila sentimita kumi, na kwamba kila siku ya shule, saa nne, zamu ya watoto wawili hwenda kusoma maji yamefika wapi. Ukutani wamebandika karatasi ndefu yenye mstari unaopanda na kushuka, na chini yake wamechora mwezi. Wakati mwingine huzilinganisha hesabu zao na jedwali la maji linalochapishwa na Mamlaka ya Bandari. Watoto walikuwa na swali ambalo yeye hakuweza kulijibu, wala mimi sikuweza: kwa nini maji yanayojaa mchana na yale yanayojaa usiku wa siku ile ile hayalingani kimo? (Mtoto mmoja, ambaye nyumbani kwao ni karibu na hori, alikuwa akienda pia usiku na babake kuangalia.)

Nilimpa anwani ya yule binti mwanasayansi. Binti alimwandikia kwamba jibu liko katika njia ya mwezi, ambao hauko juu ya ikweta kila siku bali huenda kaskazini na kusini, lakini akasema angependa zaidi kuja kulieleza mbele ya nguzo yenyewe. Mwalimu akamjibu kwamba karibu sana, ila aje mwezi kumi na sita, asubuhi. Alifika saa tatu na nusu. Safari hii mwamba ulikuwa umetoka.